Usinunue Tairi kwa Kuangalia Kashata

Wasikilizaji mlio Korogwe mjini na Handeni, mlio Mkata na pale njia panda ya Segera, mlio Mombo, na ninyi wa huko juu Bungu na Vugiri ambako ukungu unaanza kushuka saa hizi, karibuni tuzungumze.

Wiki chache zilizopita mpwa wangu wa Manundu alinijia nyumbani na pikipiki ya mbio. Ni kuukuu, Honda CB400 Super Four, aina iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1992. Aliinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyeiagiza ikiwa imeshatumika. Silinda nne, na ikipita sokoni watu wanaacha kupimiana nyanya. Kijana alikuwa anang'aa. Akaniambia, "Mjomba, kila kitu nimekikagua. Hata matairi bado mapya, kashata zote zipo."

Nikachuchumaa. Kashata, zile nundu za raba zinazokanyaga barabara, zilikuwepo, kwa hilo sikubishana naye. Nikafuta vumbi ubavuni mwa tairi la nyuma kwa kidole, nikatafuta, nikaziona tarakimu nne: 2309. Nikamwita asogee. "Mjomba," nikamwambia, maana sisi huitana hivyo pande zote mbili, "tairi hili lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2009. Wakati huo ulikuwa darasa la pili."

Akanyamaza. Nikamwomba akandamize ukucha kwenye raba. Ukucha haukuzama hata kidogo. Raba ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu kilichosahauliwa juu ya bati. Na pale chini, kashata zinapoota, kulikuwa na nyufa nyembamba kama za udongo mweusi mwezi wa tisa.

Ndiyo sababu ya mazungumzo ya leo. Sisi tunanunua tairi kwa macho. Tunaangalia kashata zimesimama vipi na linang'aa vipi, tunauliza bei, tunaondoka. Wakati ubavuni mwa tairi hilo hilo kuna maandishi yanayosema limezaliwa lini, linabeba kilo ngapi, linavumilia mwendo gani na linatakiwa kuzunguka kuelekea wapi. Tunalipia maandishi hayo na hatuyasomi.

Nianze na umri, kwa sababu ndio unaotudanganya zaidi. Raba huzeeka hata ikikaa stoo. Hewa inaila, jua linaila, joto linaiharakisha, na mafuta yaliyochanganywa ndani yake ili iwe laini yanatoka polepole mwaka hadi mwaka. Raba laini hushika lami, inaingia kwenye vijishimo vidogo vya barabara na kung'ang'ania. Raba iliyokauka inapita juu juu. Kampuni kubwa za matairi, Michelin ikiwemo, zinashauri kwamba tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe na fundi angalau mara moja kwa mwaka, na likifika miaka 10 tangu siku ya kutengenezwa libadilishwe, hata kama kashata bado zinaonekana nzuri.

Sasa, bodaboda wa hapa Korogwe anaweza kusema, hayo hayanihusu, tairi langu la nyuma halifikishi hata mwaka. Ni kweli, lako linakwisha kabla ya kuzeeka. Lakini umewahi kujiuliza lilikaa dukani muda gani kabla hujalinunua? Liliwekwa ndani, au lilining'inizwa nje barazani, juani, kama mkungu wa ndizi, msimu baada ya msimu? Matairi tunayofunga yanatoka mbali, mengi India na China. Yanapanda meli, yanakaa bandarini, yanakaa Kariakoo, ndipo yanapanda basi kuja kwetu. Ni safari ndefu. Tarakimu nne ndizo zitakazokuambia ukweli: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta alama ya tarakimu tatu tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000. Liache hapo hapo, hata kama unapewa bure.

Inanisikitisha kidogo kulisema hili nikiwa mkoa wa Tanga. Jirani zetu wa Muheza wana shamba la mipira pale Kihuhwi, mti wenyewe unaotoa utomvu wa raba. Na Arusha kulikuwa na kiwanda cha General Tyre, kilichotengeneza matairi ya magari kwa miaka mingi hadi mitambo yake ikasimama. Tungeweza kuwa watu wanaojua tairi kuanzia kwenye mti. Leo tunajua bei yake tu.

Turudi barabarani, maana huku kwetu jambo hili lina sura yake.

Walio na umri kama wangu wanaikumbuka njia ya Korogwe kwenda Handeni kabla ya lami. Ni kama kilomita 65. Wakati wa masika lori likizama karibu na Sindeni, mnalala hapo. Pikipiki za siku hizo zilikuwa za mabwana shamba, za wauguzi na za mapadri, zile Honda XL na Yamaha DT zenye ringi kubwa ya inchi 21 mbele na 18 nyuma, matairi yao yana kashata kama meno ya kiboko. Na ilikuwa sawa. Kwenye tope, kashata kubwa ndiyo inayochimba na kusukuma. Mwendo wenyewe ulikuwa wa kilomita 30 au 40 kwa saa, na ukianguka unaangukia matope, unainuka, unajifuta, unaendelea.

Kisha lami ikaja, kutoka Korogwe hadi Handeni, na kutoka Handeni hadi Mkata kilomita nyingine 54 au karibu na hizo, ikatuunganisha na barabara kuu ya Chalinze na Segera. Barabara ikabadilika, matairi yetu hayakubadilika. Tumebaki na imani ile ile kwamba tairi zuri ni lenye kashata kubwa, ila sasa tunakimbia nalo kilomita 80 na 90 kwa saa, na kijana wangu wa silinda nne anakimbia zaidi ya hapo.

Kwenye lami hesabu inageuka. Sehemu ya tairi inayogusa barabara kwa wakati mmoja haizidi sana kiganja cha mtoto. Tairi la kashata kubwa lina mapengo mengi, kwa hiyo ndani ya kile kiganja raba inayogusa ni kidogo zaidi. Ukilala kwenye kona, kashata ndefu zinapinda kama miguu ya meza mbovu, na unahisi pikipiki inaogelea. Ukishika breki, zinapinda tena. Halafu inyeshe ile mvua ya kwanza ya vuli, baada ya miezi ya vumbi na matone ya oili kutoka kwenye malori. Dakika za mwanzo za mvua hiyo ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu maji bado hayajasafisha, yamechanganya tu. Hapo ndipo utajua raba yako ina nini.

Basi mtu achague vipi? Mimi namuuliza kwanza: wewe unapita wapi, kwa siku ngapi za wiki? Jibu la kweli, siyo jibu la sifa. Anayetoka Handeni kwenda Songe au Kiberashi kila siku, anayepeleka mbolea Magambazi, anayeingia vijijini kwenye ule udongo mweusi unaogeuka sabuni mvua ikinyesha, huyo anahitaji kashata za kushika tope, na nitamtetea. Lakini kijana wa kijiweni Korogwe ambaye safari zake ni stendi, hospitali, Mtonga, Kilole, na mara moja moja Mombo, huyo anahitaji tairi la lami: mifereji myembamba, raba nyingi inayogusa, mgongo wa mviringo. Na wapo wa katikati, wengi sana, wanaopita lami nusu na vumbi nusu. Kwao kuna tairi la mchanganyiko, lenye mstari mmoja usiokatika katikati na kashata za kiasi pembeni. Kwa nyuma hasa linafaa sana. Kwa Boxer na TVS za kazi nalipendekeza bila wasiwasi.

Nimetaja nyuma, sasa nitaje mbele, maana hapa ndipo ninapogombana na watu gereji. Desturi yetu ni kwamba tairi jipya zuri linafungwa nyuma, kwa sababu nyuma ndiko linakokwisha haraka, na mbele kunaachwa tairi lolote mradi lizunguke. Nimeona pikipiki ina tairi jipya nyuma na kipara mbele, dereva ana abiria na mtoto katikati. Jamani. Unaposhika breki, uzito mwingi wa pikipiki na wenu nyote unakimbilia mbele. Breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Tairi la nyuma likiteleza, mara nyingi dereva mzoefu anairudisha pikipiki. Tairi la mbele likiteleza, hakuna muda wa kurudisha kitu, umeshafika chini. Kama fedha inatosha tairi moja bora na moja la kawaida, lile bora lifungwe mbele. Pia tazama mshale uliochorwa ubavuni, unaonyesha tairi lizunguke kuelekea wapi. Nimekuta matairi mengi yamefungwa kinyume, na fundi anasema haina tatizo.

Kuna hesabu nyingine iliyoandikwa ubavuni ambayo ningependa kila mwenye bodaboda aijue. Ukisoma, tuseme, 3.00-17 50P, maana yake upana ni inchi 3, ringi ni ya inchi 17, ile 50 ni namba ya uzito na P ni herufi ya mwendo. Namba 50 kwenye jedwali la uzito ni kilo 190. Herufi P ni kilomita 150 kwa saa. Sasa piga hesabu nami. Pikipiki ya kazi yenyewe ina zaidi ya kilo 100, na nusu yake au zaidi imekaa nyuma. Weka dereva. Weka abiria. Hadi hapo tairi linapumua. Ongeza abiria wa pili, ule mshikaki, au badala yake gunia la lumbesa lililofungwa na mpira, na umeshapita kilo 190 bila kuhesabu mashimo. Kanuni za bodaboda za mwaka 2010 zilisema abiria mmoja, na wengi tunadhani ni usumbufu wa serikali. Tairi linasema hivyo hivyo, kwa namba.

Linapozidiwa halipasuki palepale. Linapinda kupita kiasi kila linapozunguka, linapinda linanyooka, linapinda linanyooka, na kule kupinda kunazaa joto. Joto linalegeza nyuzi za ndani. Siku litakapopasuka, huenda ukawa mtupu, huna mzigo wowote, ukasema nimerogwa.

Upepo mdogo unaleta ugonjwa huo huo. Vijana wengi wanapunguza upepo ili pikipiki ikae laini kwenye vumbi, kisha wanapanda nao lami. Au wanapima kwa kubinya na kidole. Kidole hakijui tofauti ya upepo wa 20 na wa 30, hakuna kidole cha namna hiyo. Geji ya mkononi si kitu cha bei kubwa, watu watano wa kijiwe kimoja wanaweza kuchanga wakanunua moja. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa sababu likishapata moto namba inapanda yenyewe na utadhani limejaa. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na pikipiki nyingi zina karatasi yake kwenye kava ya cheni au kwenye mkono wa nyuma, kama haijabanduliwa.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu, kwa kuwa pikipiki ya mbio iliyozeeka ina mitego yake.

Kwanza, saizi. Pikipiki yake inataka 120/60 ringi 17 mbele na 160/60 ringi 17 nyuma. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Dukani huku hutaipata, lazima uagize. Na yeye ana bahati, inchi 17 bado ndiyo inayotengenezwa zaidi kwa pikipiki za mbio. Kuna za zamani zaidi zilizopitia mitindo iliyokufa: Kawasaki GPZ900R ya mwaka 1984 ilikuja na ringi ya inchi 16 mbele na 18 nyuma, na Honda VFR400R ile ya mwisho wa miaka ya 1980 ina 17 mbele na 18 nyuma. Anayetaka kununua pikipiki ya namna hiyo nampa ushauri mmoja: kabla hujalipa, piga simu Kariakoo uulize kama matairi ya saizi hiyo yanapatikana. Kama hayapatikani, ringi zinazong'aa hazitakusaidia.

Pili, tamaa ya unene. Kijana alinionyesha kwenye simu tairi la 180/55. Linaonekana la kibabe, sikatai. Lakini tairi la 180 limetengenezwa kwa ringi ya inchi 5 na nusu, na ringi yake ya nyuma ni nyembamba kuliko hiyo. Ukililazimisha, mabavu yanabanwa, mgongo wake unachongoka katikati, na unapolala kwenye kona linakuangusha ndani ghafla badala ya kukushusha taratibu. Linaweza hata kugusa mkono wa nyuma. Waliotengeneza pikipiki hawakuweka 160 kwa ubahili.

Tatu, aina ya nyuzi. Kwenye saizi ukiona herufi R katikati, kama 160/60R17, hilo ni rediali, nyuzi zake za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukiona kistari tu, kama yalivyo matairi mengi ya bodaboda, nyuzi zake zimepishana kama mkeka. Kila aina inapinda kwa namna yake. Kuweka rediali nyuma na la mkeka mbele, au kinyume chake, bila mtengenezaji wa pikipiki kuruhusu, ni kufunga punda na ng'ombe kwenye mkokoteni mmoja. Yanunuliwe mawili pamoja, ya kampuni moja, ya mtindo mmoja.

Na asinunue tairi la mbio za uwanjani. Tairi la namna hiyo linataka joto kali ndipo lishike, na kwa mtu anayekwenda Handeni kumsalimia bibi yake halitalipata joto hilo. Atakuwa na tairi la gharama linaloteleza asubuhi na kuisha ndani ya miezi michache. Achukue la safari za barabarani, raba yake inafanya kazi hata likiwa baridi na inavumilia maji. Likifungwa, kilomita 150 za mwanzo aende nalo kwa adabu, kwa sababu tairi jipya lina utelezi juu juu hadi lichubuke.

Vipi la mtumba? Swali hilo linakuja kila mara. Siwezi kumzuia mtu kununua alichoweza, lakini kwa pikipiki sikubali, na hasa mbele. Hujui lilipigwa wapi, lilizibwa pancha ngapi, lilibebeshwa nini. Na lile lililochongwa upya, kipara kikakatwa mifereji kwa kisu cha moto, hilo siliiti tairi. Raba iliyobaki juu ya nyuzi ni nyembamba, na mwiba wa mgunga hauhitaji kualikwa. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijituta vidogo vilivyowekwa na kiwanda. Kashata zikilingana navyo, tairi limekwisha. Mpelekee fundi wa makatambuga, yeye anayajua matumizi yake.

Kwenye tyubu pia tusifanye ubahili. Ringi ya spoki inataka tyubu, na tyubu yenye viraka sita kama nguo ya mganga ndani ya tairi jipya ni hasara. Tyubu ikipasuka, upepo unatoka wote mara moja. Ukibadili tairi, badili na tyubu.

Kabla sijamaliza nataka kusema na wenye pikipiki, wale mnaokaa nyumbani mnasubiri hesabu ya jioni. Katika mikataba mingi ya huku kwetu, tairi ni juu ya dereva. Kijana anakimbizana na hesabu yako, akibakiwa na kitu ni cha chakula, ndiyo maana anafunga la kuchonga, ndiyo maana mbele ana kipara. Baada ya ajali tunasema bodaboda hawana akili. Naona hiyo si haki. Pikipiki ni yako, jina kwenye kadi ni lako, tairi liwe lako pia. Weka kando kidogo kutoka kwenye kila hesabu ya wiki, liwe fungu la tairi, na siku likilingana na vile vijituta, mpeleke dukani mwenyewe.

Mpwa wangu aliegesha ile Honda nyuma ya nyumba yangu mwezi mzima akikusanya fedha. Alikuwa anakuja kuipiga stati na kuisikiliza, kisha anaifunika turubai na kurudi kwao kwa mguu. Matairi yamefika Jumamosi, yamekuja na basi. Tuliyasoma wote wawili kabla ya kumwita fundi: saizi ni ile, R ipo, mshale upo, na tarakimu nne zinaonyesha hayajatimiza mwaka.

Kesho asubuhi kabla hujapiga kiki, wewe uliye Kabuku, wewe uliye Misima, wewe wa Magoma, inama. Futa vumbi ubavuni mwa tairi la mbele, usome tarakimu zako nne. Usiku mwema.